Kiwanja cha Kwanza cha Kukuingizia Hela: Je, Gairo Inafaa?

Swali hili linakuja kwa sura nyingi, ila ndani ni lilelile. "Nimejibana nimepata milioni kumi na kitu. Dar siwezi, Dodoma bei imekimbia, Morogoro mjini nimezunguka mpaka nimechoka. Ninunue wapi kitu cha kuniingizia hela?" Siku hizi wengi hawasubiri hata jibu, wanamalizia wenyewe: "Naambiwa Gairo bado ni rahisi."

Ni kweli, Gairo bado ni rahisi ukilinganisha na Dodoma au Morogoro mjini. Lakini eneo linaweza kuwa rahisi kwa sababu watu hawajaligundua, na linaweza kuwa rahisi kwa sababu walioligundua walishaondoka. Kazi yako kabla ya kutoa hata shilingi ni kujua uko kwenye lipi kati ya hayo mawili. Nitatumia Gairo kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndiyo mnayoiulizia. Mwenye macho Njombe au Handeni atabadilisha majina tu.

Anza na mpangaji

Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza wanaanza na bei ya kiwanja, kisha wanajenga, kisha ndipo wanajiuliza nani atakaa humo. Geuza mpangilio huo. Kabla hujaongea na dalali yeyote, andika kwenye karatasi ni mtu gani atakulipa kodi kila mwezi, anafanya kazi wapi, na kwa sasa amelala wapi.

Kwa Gairo wapangaji wa kweli ni hawa:

- Watumishi. Gairo ilimegwa kutoka Kilosa na kuwa wilaya mwaka 2012. Wilaya maana yake ni halmashauri, polisi, mahakama, hospitali, walimu. Wengi wao wametoka mikoa mingine, hawana kwao hapo, na mshahara unaingia mwisho wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe.
- Wafanyabiashara wa mazao. Mahindi, alizeti, na maharage na viazi vinavyoshuka kutoka milima ya Ukaguru, upande wa Nongwe. Hawa wanataka fremu na ghala, na wanazitaka kwa msimu. Baada ya mavuno utagombaniwa. Mahindi yakishapakiwa, ghala lako linabaki na panya.
- Watu wa barabarani. Mji umekaa takribani katikati ya Morogoro na Dodoma, kwenye barabara kuu. Madereva wa malori, makonda, mafundi wa matairi, mama lishe, wahudumu wa gesti.

Kwa mwekezaji wa kwanza mwenye mtaji mdogo, ushauri wangu hauna kona: lenga kundi la kwanza. Vyumba vya mtumishi, vyenye umeme wake, choo cha ndani na maji yasiyomtoa alfajiri na dumu mkononi. Gesti ina sura ya hela nyingi, lakini gesti ni biashara ya kusimamia kila siku, na wewe uko Mbagala, Dar.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi mno hivi kwamba watu wanaidharau. Nenda kwenye shule mbili na kituo cha afya, ongea na walimu na wauguzi wageni. Uliza wanalipa ngapi, wanalipa kwa mwezi au kwa miezi mitatu, walihangaika muda gani kupata chumba, na kitu gani kinawakera pale walipo. Mwalimu aliyehama nyumba mara mbili atakupa ramani ya soko ambayo dalali hatakupa, kwa sababu yeye hana asilimia anayoitafuta kwako.

"Lakini Dodoma inakuja!"

Hili ndilo neno la madalali wote kuanzia Dumila mpaka Mbande. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na kwa kweli viwanja vya kule vilipanda. Lakini kupanda kwa Dodoma hakusafiri kilomita mia moja na zaidi kwa sababu tu barabara ni moja. Mtumishi wa wizara hatalala Gairo aende kazini Mtumba, Dodoma, kila asubuhi. Anayekuuzia Gairo kwa hoja ya Dodoma anakuuzia kitu ambacho hata yeye hana.

Halafu kuna jambo ambalo madalali hawaligusi kabisa. Treni ya mwendokasi ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na njia yake haipiti Gairo. Kutoka Morogoro inakata kwenda Kilosa, Kidete, Gulwe, ndipo Dodoma. Kwa hiyo abiria wa Dar aliyekuwa anapita Gairo kwenye basi, akanunua mahindi ya kuchoma na soda, sasa anaweza kufika Dodoma bila hata kuiona Gairo. Malori bado yanapita, mabasi bado yapo, na mji una uhai wake wa kilimo na wa makao makuu ya wilaya. Ila kama mpango wako ulikuwa mgahawa au fremu za kulishwa na abiria wa mabasi, nenda ukakae hapo stendi kutwa nzima, siku ya kawaida isiyo ya sikukuu, uhesabu watu mwenyewe.

Usiishie Gairo: angalia jirani zake

Hata kama moyo umeshaamua, linganisha na angalau miji miwili ya barabara hiyohiyo.

Dumila iko karibu zaidi na Morogoro mjini, ni njia panda ya kwenda Kilosa, na inachangamka. Lakini iko bondeni. Januari 2014 mafuriko yalipiga Dumila na Magole, daraja likaharibika, na barabara kuu ya Dodoma ikakatika. Kiwanja cha bei poa Dumila lazima ukione wakati wa mvua, siyo Septemba.

Kibaigwa, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, wilaya ya Kongwa, ina soko la mahindi linalojulikana hadi nje ya nchi. Mzunguko wa fedha ni mkubwa kuliko Gairo, na bei za maeneo ya karibu na soko zinalijua hilo. Ni pazuri kwa fremu na maghala. Kwa vyumba vya watumishi, Gairo ina uzito wa makao makuu ya wilaya ambao Kibaigwa haina, kwa kuwa makao ya wilaya yake yako Kongwa.

Morogoro mjini pia msiiondoe haraka hivyo. Pembezoni mwa mji bado kuna maeneo ambayo mwenye mtaji wa kiasi anaweza kuanza, na mji una Sokoine, Mzumbe iko jirani, pamoja na vyuo vingine. Mwanafunzi ni mpangaji msumbufu, lakini kila mwaka anakuja mwingine. Kiwanja kidogo sehemu yenye wapangaji kinaweza kukushinda wewe mwenye ekari mbili Gairo.

Maji, kabla ya kitu kingine chochote

Gairo imesumbuliwa na maji kwa miaka mingi, na mengi ya visimani ni ya chumvi. Serikali imeweka miradi, hali inabadilika mtaa kwa mtaa, na ndiyo maana jibu la "maji yapo" halina maana yoyote. Yapo wapi, yanatoka siku ngapi kwa wiki, na yana ladha gani?

Fanya hivi ukiwa kwenye kiwanja chenyewe:

1. Ingia nyumba ya jirani, omba maji ya kunawa na kipande cha sabuni. Sabuni ikigoma kutoa povu, umeshapata jibu.
2. Angalia sufuria na birika lao ndani. Ukoko mweupe uliogandana ni maji yanayoelezea tabia yake.
3. Hesabu madumu yaliyopangwa uani. Madumu mengi yaliyojaa katikati ya wiki maana yake bomba haliaminiki.
4. Uliza bei ya dumu moja likiletwa na bodaboda au mkokoteni, kisha uulize bei hiyo inakuwa ngapi mwezi wa Oktoba.

Usikate tamaa kwa hilo. Hapa ndipo mwenye akili anapata faida, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga hazina tanki. Ukijenga vyumba vinne vyenye mifereji ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, tanki kubwa kwenye mnara mdogo na bomba la kila mpangaji, mtumishi atakuja kwako hata ukizidisha kodi kidogo. Ila gharama hiyo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Tanki linalonunuliwa "baadaye" huwa halinunuliwi.

"Kinaangalia lami, bosi"

Kiwanja kinachoangalia barabara kuu kinakuja na tabasamu pana na bei ya juu. Chukua futi kamba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia katikati ya barabara. Ukishahesabu hizo mita 30, kwenye viwanja vingine vya "kuangalia lami" kinachobaki ni choo na mwembe.

Mmesoma wenyewe habari za nyumba zilizochorwa X nyekundu na TANROADS. Aliyejenga ndani ya hifadhi akijua ama asijue anabomolewa, na anayeuza kiwanja cha aina hiyo atakuwa ameshahama. Usiamini kwamba kuna majengo mengine yamesimama hapohapo miaka yote, maana kusimama kwake ni suala la ratiba ya upanuzi tu. Nenda ofisi ya TANROADS mkoa au kwa afisa ardhi wa halmashauri, waulize kwa maandishi.

Binafsi kiwanja cha mstari wa tatu au wa nne kutoka lami ndicho ninachokipenda kwa vyumba vya kupanga. Kuna ukimya, vumbi la malori halifiki, na mwalimu anatembea dakika chache akafika stendi.

Nani hasa anauza?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Swali la kwanza: hii ni ardhi ya kijiji au ni eneo la mji lililopimwa? Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na ya mjini iko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo. Kwenye ardhi ya kijiji, mtu wa nje hahamishiwi hakimiliki ya kimila kwa sahihi ya mwenyekiti na mashahidi wawili chini ya mti. Lazima halmashauri ya kijiji ikae, iridhie, na muhtasari wa kikao uwepo. Omba nakala ya muhtasari huo. Ukiambiwa "tutauandika baadaye, wewe toa hela kwanza," funga mkoba urudi stendi.

Eneo likiwa limepimwa, unatakiwa kuonyeshwa namba ya kiwanja na kitalu, na bikoni ziwepo ardhini. Peleka namba hizo kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kama kuna hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ujue jina la mmiliki na kama benki imeishikilia. Upekuzi una ada ndogo ukilinganisha na kinachoweza kukukuta.

Swali la pili linawahusu zaidi wanaonunua Gairo na upande wote wa Ukaguru na Uluguru. Wakaguru, kama Waluguru, kwa jadi wanahesabu ukoo upande wa mama. Kijana anaweza kukuuzia shamba la marehemu baba yake kwa moyo safi kabisa, na watoto wote wakaweka sahihi, kumbe kwa hesabu za ukoo ardhi ile ni ya akina mama, na wajomba na wapwa wana neno. Miaka miwili baadaye, wakati umeshapiga lenta, ndipo neno hilo linasemwa. Mambo yamebadilika na koo nyingi siku hizi zinafuata mahakama, lakini wewe uliza: ardhi hii ilitoka upande gani? Wazee wa ukoo wa mama wako wapi? Waite wawe mashahidi. Soda na nauli zao ni gharama halali ya mradi.

Kabla ya malipo, yafuatayo yawe mezani, si kwenye ahadi:

- Mwenye mali akiwa amefariki, barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. "Sisi ndio warithi" haitoshi.
- Muuzaji akiwa ameoa au kuolewa, ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Mke akiwa "amesafiri," subiri arudi.
- Majirani wa pande zote nne wakionyesha mipaka kwa miguu yao, na sahihi zao kwenye mkataba.
- Jibu la Baraza la Kata na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna mgogoro. Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kwa hiyo usiishie hapo.
- Mkataba ulioandikwa na wakili, wakili wako, siyo aliyeletwa na muuzaji.

Na ile "asilimia kumi ya serikali ya mtaa" inayodaiwa kwenye mauziano? Waulizeni wanaoidai inatoka sheria ipi. Kama kuna ada halali, italipwa kwa namba ya malipo ya serikali na utapata risiti. Malipo ya kumkabidhi mtu noti mkononi yaiteni jina lake.

Hesabu ya kwenye daftari

Chukua mfano huu, kisha weka namba zako. Tuseme kiwanja, vyumba vinne, tanki, umeme na makaratasi vyote vimekula milioni 18. Kila chumba kinalipa 40,000 kwa mwezi, yaani 160,000. Kwa mwaka ni 1,920,000, na hapa ndipo watu wanafunga daftari wakiwa wanacheka.

Lifungue tena. Chumba hakijai miezi yote 12, hesabu kumi. Inabaki 1,600,000. Toa mlinzi au mwangalizi, ukarabati wa kitasa na bati, kodi ya pango la ardhi, nauli zako za kwenda na kurudi: tuseme 300,000. Umebakiwa na 1,300,000, ambayo ni kama asilimia 7 ya pesa uliyoweka. Sasa iweke jirani na kile ambacho pesa hiyohiyo ingekupa kwenye mfuko wa UTT au hatifungani za serikali, ukiwa umelala. Tofauti ni kwamba ardhi nayo inaweza kupanda thamani, lakini isihesabiwe kama mshahara.

Kosa linalojirudia: kutumia pesa yote kwenye kiwanja kikubwa, kisha kukiacha miaka sita kikiwa na msingi na nyasi. Kiwanja kitupu hakikuletei kodi. Afadhali kidogo chenye vyumba viwili vilivyokamilika, vikusaidie kujenga cha tatu na cha nne. Boma la mtu aliyekwama katikati pia ni la kuangaliwa, ila mpeleke fundi wako akapige nyundo kwenye nguzo kabla ya kusifia bei.

"Mimi niko mbali"

Walioko Dar wanauliza, walioko Muscat wanauliza zaidi. Msinunue kwa picha za simu. Mtume ndugu mmoja na mtu mwingine ambaye hajuani naye, kila mmoja kwa wakati wake, kisha mlinganishe maelezo. Pesa iende kwenye akaunti ya muuzaji mwenye jina lililoko kwenye makaratasi, kwa awamu zinazofuata hatua: kiasi baada ya upekuzi, kiasi baada ya mkataba, cha mwisho baada ya uhamisho.

Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, simama hapo. Sheria ya Ardhi ina masharti yake kwa asiye raia anayetaka kumiliki ardhi. Muone wakili kabla ya kuandika jina lako popote, na usijifiche nyuma ya jina la mpwa wako kama hamjawekeana maandishi yanayoeleweka.

Malipo yanayosahaulika

Ongezeni haya kwenye bajeti mapema:

- Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani ya mauziano, kwa kawaida ni mzigo wa mnunuzi.
- Kodi ya ongezeko la mtaji. Hii ni ya muuzaji, lakini muuzaji mjanja anaisukumia kwako mlangoni mwa TRA. Iandikwe kwenye mkataba nani analipa.
- Kodi ya pango. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, atakata asilimia 10 na kuipeleka TRA kabla hajakupa chako.
- Kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Maana yake anayenunua umeme ndiye anayekatwa, yaani mpangaji, na wa kwanza kununua ndiye anayelalamika. Kama vyumba vyote viko kwenye mita moja, kubalianeni tangu siku ya kukabidhi ufunguo kwamba utamrudishia, au weka mita ya kila chumba na ile ya nje ibaki kwa jina lako.